INI, KILEO NA UTOTO WA MTU



Katika lugha yetu mtu akifikiwa na uchungu mkubwa husema, "Neno hili limenikata maini." Hasemi limemkata mkono wala mguu, bali maini. Wazee waliotuachia usemi huu hawakuwa na darubini wala vipimo vya damu. Walakini wataalamu waliochunguza habari za ini kwa njia za elimu wamefika mahali palipo karibu na usemi huo. Wameona ya kuwa mashaka yampatayo mtu angali mtoto yaweza kumfuata mpaka ukubwani, na kufika katika ini lake. Na mara nyingi kileo ndicho kiongozi wa njia hiyo.

Jambo hili twataka kulieleza leo, tena tulieleze taratibu, kwa sababu lagusa nyumba nyingi. Latugusa sisi tunywao, nao wasiokunywa ila wanakaa na mnywaji. Zaidi ya wote lawagusa watoto, ambao hawana sauti katika mambo ya nyumbani.

Kwanza tulijue ini lenyewe. Ini limekaa upande wa kuume, chini ya mbavu, na kwa mtu mzima uzito wake hupata kama kilo moja na nusu. Katika viungo vilivyo ndani ya mwili hapana kilicho kikubwa kulishinda. Damu itokayo katika tumbo na matumbo haiendi moja kwa moja kwenye moyo, bali hupita kwanza katika ini kwa mshipa mkubwa. Na katika damu yote iingiayo ini, kadiri ya robo tatu huja kwa mshipa huo. Basi ini ni kama forodha ya bandari. Kila kitu kishukacho kutoka chomboni, kiwe chakula, dawa au sumu, sharti kipite hapo kikaguliwe kabla ya kuingia mjini.

Na kazi zake si hiyo tu. Ini huweka akiba ya sukari, likaitoa mwili unapohitaji nguvu. Hutengeneza nyongo ya kuyeyushia mafuta ya chakula. Hutengeneza vitu vinavyogandisha damu penye jeraha. Huvunja sumu na kuzitoa. Kazi zote hizi hulifanya kwa kimya, kwa kuwa nyama yake ya ndani haina hisia ya maumivu. Jino bovu hupiga kelele usiku kucha, lakini ini laweza kuharibika miaka mingi na mwenyewe asijue.

Sasa tuangalie kileo. Watu wengi hudhani tembo la mnazi, mbege, busaa na bia ni vinywaji vyepesi visivyo na madhara, na ya kuwa hatari iko katika gongo na waragi peke yake. Si hivyo. Kitu kileweshacho katika vyote hivi ni kimoja. Tofauti ni wingi wake. Chupa ya bia ya nusu lita, ambayo kileo chake ni sehemu 5 katika mia, ina gramu 20 hivi za kileo. Ini la mtu mzima huweza kuondoa kadiri ya gramu 7 mpaka 10 kwa saa. Basi chupa moja ni kazi ya saa mbili au tatu, na aliyemaliza chupa tano jioni, ini lake lingali kazini asubuhi. Kahawa kali haiharakishi kazi hiyo, wala kuoga maji baridi.

Katika kukivunja kileo, ini hukigeuza kwanza kuwa kitu kiitwacho asetaldehaidi, nacho ni sumu kuliko kileo chenyewe; halafu hukigeuza tena kuwa kitu cha namna ya siki, kisichodhuru. Lakini kabla ya mgeuzo ule wa pili, sumu ile hujeruhi chembe za ini. Tena ini likishughulika na kileo huacha kazi yake ya kuunguza mafuta, na mafuta hayo hujilimbika ndani yake.

Uharibifu huo huenda kwa daraja tatu. Daraja ya kwanza ni ini kujaa mafuta, na hali hii hupatikana katika watu kama 9 katika kila 10 wanaokunywa mno. Habari njema ni kwamba mtu akiacha kunywa, mafuta hayo kwa kawaida huondoka katika muda wa majuma machache. Daraja ya pili ni ini kuvimba na kuwaka kama kidonda kilichoingia ubaya. Wengine hufa katika daraja hii. Daraja ya tatu ni makovu. Nyama laini hugeuka kuwa kovu gumu, damu ikakosa njia ya kupita, ikarudi nyuma. Hapo tumbo hujaa maji, na mishipa ya umio hufura hata huweza kupasuka. Ugonjwa huu huitwa sirosisi. Aliyeupa jina ni daktari Mfaransa, René Laennec, mwaka 1819. Yeye ndiye aliyevumbua kile chombo cha kusikilizia kifua mwaka 1816. Alilitoa jina hilo katika neno la Kiyunani lenye maana ya rangi ya hudhurungi, kwa ajili ya rangi aliyoiona katika maini ya wagonjwa.

Kwa muda mrefu madaktari walidhani ya kuwa walevi huharibika ini kwa sababu hawali vizuri, wala si kwa kileo chenyewe. Daktari Charles Lieber, aliyefanya kazi New York, alilijaribu jambo hili kwa nyani. Aliwapa chakula kizuri kilichotimia, pamoja na kileo, muda wa miaka. Mwaka 1974 yeye na mwenzake walitangaza ya kuwa baadhi ya nyani wale walipata sirosisi, ingawa hawakukosa chakula. Tangu hapo haikuwezekana tena kusema kwamba mlevi anayekula nyama kila siku yu salama.

Sasa twafika penye fumbo. Katika watu mia wanaokunywa mno kwa miaka mingi, wapatao sirosisi ni 10 mpaka 20 hivi. Watu wawili waweza kukaa katika kilabu kimoja, wakanywa sawasawa miaka ishirini, mmoja akazikwa na mwenziwe akaendelea kutembea. Kwa nini? Sababu ni nyingi. Wengine wamezaliwa na ini jepesi kudhurika. Wanawake hudhurika kwa kileo kichache kuliko wanaume. Mwenye unene uliozidi huwa hatarini zaidi, na mwenye ugonjwa wa ini utokanao na vijidudu vya hepatitisi B au C naye ni hivyo hivyo. Lakini kuna sababu nyingine ambayo zamani madaktari hawakuiuliza kabisa, nayo ni hii: mtu huyu alilelewaje?

Swali hili waliliuliza Daktari Vincent Felitti wa San Diego, Marekani, na mwenzake Daktari Robert Anda. Kati ya mwaka 1995 na 1997 watu zaidi ya 17,000 waliokuja kupimwa afya zao waliulizwa habari za utoto wao. Je, walipigwa kupita kiasi? Walitukanwa na kudhalilishwa? Walinajisiwa? Walimwona mama yao akipigwa? Je, nyumbani mlikuwa na mlevi, au mgonjwa wa akili, au mtu aliyefungwa gerezani? Watu hawa hawakuwa maskini wa kutupwa. Wengi wao walikuwa na kazi na bima ya matibabu. Hata hivyo, majibu ya kwanza yalipotangazwa mwaka 1998, zaidi ya nusu ya waliojibu walikuwa wamepatwa na moja ya mambo hayo, kwa uchache. Na wale waliopatwa na mambo manne au zaidi, hatari yao ya kuwa walevi ilikuwa kubwa kama mara saba kuliko ya wale wasiopatwa na lolote.

Mwaka 2003 wataalamu hao waliitazama hesabu hiyo upande wa ini. Katika watu 17,337, wale waliopatwa na mambo sita au zaidi utotoni walielekea kuwa na ugonjwa wa ini zaidi ya mara mbili na nusu kuliko wasiopatwa na lolote. Walipoondoa katika hesabu yao sehemu iliyoletwa na kileo na desturi nyingine za hatari, tofauti ile ilipungua sana, lakini haikwisha. Maana yake ni kwamba mashaka ya utoto yana njia mbili za kulifikia ini. Njia moja ni pana na yajulikana, nayo ni kileo. Ya pili ni nyembamba, nayo yapita ndani ya mwili wenyewe.

Njia ya kwanza ilionekana wazi katika kima. Mwaka 1991 wataalamu wa Marekani walitoa habari za kima waitwao rhesus. Wengine walilelewa na mama zao. Wengine miezi 6 ya kwanza ya maisha yao walikaa na watoto wenzao tu, pasipo mkubwa yeyote. Baada ya miezi hiyo wote walitunzwa namna moja. Walipokuwa wakubwa waliwekewa kileo kilichotiwa utamu, kila mmoja anywe apendavyo. Wale waliokosa mama walikunywa zaidi. Halafu wote walitengwa na wenzao, wakakaa katika upweke. Hapo hata wale waliolelewa na mama zao waliongeza kunywa, wakakaribia kuwafikia wale wengine. Kima hana rafiki wa kumshawishi kilabuni, wala hana desturi ya karamu. Alikunywa kwa sababu kileo kilipoza kitu ndani yake. Basi tumwonapo mtu anayekunywa mpaka anaanguka, yafaa tukumbuke ya kuwa huenda hatafuti furaha. Huenda akitafuta kimya.

Njia ya pili yataka maelezo kidogo. Mwaka 1936 mtaalamu Hans Selye, aliyekaa Montreal katika nchi ya Kanada, aliandika ya kuwa panya akitiwa katika taabu, iwe ni baridi, jeraha, kazi nzito au sumu, mwili wake hujibu kwa namna moja: tezi zilizo juu ya mafigo hukua, na tumbo huingia vidonda. Tezi hizo hutoa dawa za mwili ziitwazo homoni, na mojawapo ni kortisoli. Mtu akishtuka kwa hatari, homoni hizi huliamuru ini kumwaga sukari katika damu, ili apate nguvu za kukimbia au kupigana. Waona basi ya kuwa ini ni mtumishi wa hofu. Kwa hatari ya dakika chache, utumishi huu ni baraka. Lakini mtoto anayeisikia hatua ya mlevi mlangoni kila usiku, mwili wake hukaa macho miezi na miaka. Amri haikomi, na kortisoli ikizidi kwa muda mrefu husaidia mafuta kujilimbika katika ini.

Tena mwili uliokaa macho huweza kubaki na moto mdogo usiozimika. Twataka kusema ile hali ya kuwaka na kuvimba ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu. Katika mji wa Dunedin, New Zealand, watoto 1,037 waliozaliwa mwaka 1972 na 1973 walifuatwa tangu utoto. Walipofika umri wa miaka 32 damu yao ilipimwa. Wale walioteswa utotoni walielekea zaidi kuwa na alama ya moto huo, hata baada ya wataalamu kuhesabu desturi zao za ukubwani. Na alama iliyopimwa ni kitu kinachotengenezwa na ini lenyewe.

Tukirudi kwenye mfano wetu wa forodha, tutaona mahali njia hizi mbili zinapokutana. Ndani ya ini mna chembe ambazo ni kama askari wa forodha. Zimeitwa kwa jina la Mjerumani Karl von Kupffer, aliyezieleza mwaka 1876. Kileo hulegeza ukuta wa matumbo, na mabaki ya vijidudu hupenya yakafika katika ini. Katika wanyama imeonekana ya kuwa mashaka nayo huulegeza ukuta huo huo. Askari wale huona adui, huwasha moto, na moto ukiwaka kila siku huacha makovu. Basi aliyeteswa utotoni, kisha akanywa sana ukubwani, ameubisha mlango mmoja kwa mikono miwili.

Hata hivyo, tusifanye hesabu hizi kuwa hukumu. Wako wengi walioteswa wakiwa wadogo, nao hawanywi wala hawaumwi. Wako pia waliolelewa kwa upendo, na kileo kikawaua. Tena malezi mema yana nguvu ya ajabu. Katika Montreal, mji ule ule wa Selye, mtaalamu Michael Meaney na wenzake waliona ya kuwa vitoto vya panya vilivyorambwa sana na mama zao vilikua vikiwa na utulivu mbele ya taabu. Mwaka 1999 wakatangaza jambo jingine: vitoto vya mama asiyeramba, vikipewa mama mwingine aliye mpole, navyo hukua vikiwa na utulivu. Utulivu huo ulitoka mikononi mwa mlezi. Basi shangazi, bibi, mjomba au mwalimu anayempa mtoto mwenye taabu mahali pa amani, hafanyi jambo dogo.

Na hapa ndipo penye neno letu kuu. Kumbukeni ya kuwa katika maswali ya San Diego, moja lilikuwa hili: je, nyumbani mlikuwa na mlevi? Maana yake ulevi wa baba au mama ni mojawapo ya mashaka yenyewe yanayomwelekeza mtoto kwenye kileo. Baba huenda akasema, "Nalidhuru ini langu mwenyewe, mnanihojia nini?" Lakini mtoto aliyejificha chini ya kitanda naye huandikiwa deni, na deni hilo laweza kudaiwa baada ya miaka arobaini. Ndivyo ugonjwa mmoja unavyorithiwa katika nyumba kama shamba.

Yatupasa tufanye nini? Kwanza, ugomvi na mapigo yaondoke mbele ya watoto. Pili, mtoto achanjwe. Chanjo ya hepatitisi B hulikinga ini tangu uchanga, na Kenya, kwa mfano, iliitia katika chanjo za watoto wachanga mwaka 2001. Tatu, vijana wacheleweshwe kuanza kunywa. Nchini Sweden vijana wa kiume 43,296 walioandikwa jeshini mwaka 1969 na 1970 waliulizwa wanakunywa kadiri gani, kisha wakafuatwa karibu miaka arobaini. Kadiri kijana alivyokunywa zaidi, ndivyo hatari ya ugonjwa mkali wa ini ilivyozidi.

Nne, anayekunywa mno asikate tamaa. Ini lina uwezo wa kujijenga upya kuliko kiungo kingine chochote cha ndani. Mafuta huondoka, na hata mwenye makovu, akiacha kunywa, kwa kawaida huishi zaidi kuliko anayeendelea. Ila twatoa onyo moja. Mtu aliyezoea kunywa sana kila siku asiache kwa ghafula peke yake, maana aweza kupatwa na mtetemeko, kifafa, hata kufa. Aende hospitali, aachishwe kwa dawa na uangalizi. Na mtu akiona macho yamekuwa manjano, au tumbo linajaa maji, au anatapika damu, au akili inachanganyika, asingoje kesho.

Tano, tumwulizapo mlevi, tusianze kwa kumlaumu. Daktari, muuguzi, ndugu au mzee wa mtaa na amwulize kwa upole, "Ndugu yetu, ulipatwa na nini?" Wengi hawakuulizwa swali hilo tangu kuzaliwa. Jibu lake halitaondoa kovu lililo katika ini, lakini laweza kumpa sababu ya kuiweka chupa chini.

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa tuliousema leo huanza mapema sana, siku ambazo mtoto hajui hata ini liko upande gani. Kuuziba ni kazi yetu sisi wakubwa, nayo yaweza kuanza usiku wa leo, kwa kuingia nyumbani kwa hatua ambayo mtoto akiisikia hatajificha.